UCHAMBUZI: Kujaza risasi nyumbani, hesabu ya Marekani na mtego wa barabara ya kusini

Shaba inayovuka Tunduma kutoka Zambia na Kongo kuelekea Bandari ya Dar es Salaam ina safari ndefu mbele yake. Sehemu kubwa duniani huishia kwenye nyaya za umeme, mota na mabomba. Sehemu nyingine huchanganywa na zinki, shaba 70 kwa zinki 30, na kuwa shaba njano inayotengenezewa maganda ya risasi. Kwa hiyo soko la risasi si jambo geni kabisa kwa msafirishaji wa ukanda huu, hata kama hajawahi kushika bunduki maishani mwake.

Ndani ya soko hilo lipo tawi ambalo wengi huku hawalijui, nalo ni la watu binafsi wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Nchini Marekani ni shughuli halali na ya kawaida, inayofanyika kwenye gereji au chumba cha ziada baada ya kazi. Afrika Kusini nako inaruhusiwa kwa masharti. Tanzania, Kenya na Uganda mtu binafsi haruhusiwi kutengeneza risasi bila leseni, na leseni ya namna hiyo si kitu cha kupatikana dirishani.

Tofauti hiyo ya sheria ndiyo inayofanya suala hili liwahusu wafanyabiashara na wenye malori. Kopo la baruti ambalo mwenye leseni ya bunduki analinunua dukani Johannesburg na kupewa risiti, likifika Tunduma ndani ya kebini ya lori ni kosa la jinai. Kabla ya kufika huko, inafaa kuelewa biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu bei zake ndizo zinazoleta vishawishi.

Vipande vinne

Risasi moja ya bunduki ya kuwindia ina vipande vinne. Kuna ganda la shaba njano, kuna baruti ndani yake, kuna kichwa kinachoruka, na kuna fataki, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda ambacho hugongwa na kuwasha baruti. (Msomaji wa Tanzania asimfikirie yule Fataki wa matangazo ya redio. Maana hii ya neno ni ya zamani zaidi.) Risasi ikishapigwa, kichwa kimekwenda, baruti imeungua na fataki imekwisha kazi. Kinachobaki ni ganda, na ganda ndilo kipande ghali kuliko vyote likiwa jipya. Linaweza kutumika tena mara kadhaa kabla ya kuchoka na kupasuka shingo.

Biashara yote imejengwa juu ya jambo hilo. Mjazaji analisafisha ganda lake, analikagua kama lina ufa, analirudisha kwenye vipimo kwa mashine ya mkono na kalibu ya chuma, anatoa fataki iliyokufa na kuweka mpya, anapima baruti kwenye mizani, kisha anakaza kichwa kipya. Anayeanza hushauriwa kununua kwanza kitabu cha vipimo kinachotolewa na watengenezaji wa baruti au vichwa, na kuanzia kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa humo. Sababu si woga. Baruti zipo za aina nyingi zinazofanana kwa macho lakini zinaungua kwa kasi tofauti, na anayechanganya makopo au kumimina mara mbili kwenye ganda moja anaweza kuipasua bunduki mbele ya uso wake. Vilevile fataki nyingi zina kampaundi ya madini ya risasi, hivyo wajazaji wenye busara hawali wala kuvuta sigara mezani pa kazi, na hunawa mikono wakimaliza.

Viwanda vinavyowahudumia watu hawa si vya jana. RCBS ya Oroville, California, ilianza mwaka 1943. Hornady ya Grand Island, Nebraska, ilianza 1949. Hodgdon ya Kansas ilikua kutokana na baruti ya ziada ya jeshi iliyouzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo mwanzilishi wake aliinunua kwa wingi na kuiuza rejareja kwa wawindaji. Msomaji aliyewahi kununua mzigo wa mnada na kuugawa kwa debe ataielewa biashara hiyo bila kuelezwa.

Je, kuna akiba?

Swali la kwanza la kila anayeanza ni kama atapunguza gharama. Jibu linategemea anajaza risasi gani.

Chukua risasi ya .308 Winchester ya kulengea shabaha, aina inayopendwa na wajazaji. Pauni moja ya baruti (gramu 454) inatosha risasi kama 160 za ukubwa huo. Kwa bei za rejareja za Marekani za miaka ya karibuni, fataki ni kama senti 8, baruti ya dola 48 kwa pauni inatoa senti 30 kwa kila risasi, kichwa kizuri ni senti 40, na ganda la dola 1 likitumika mara tano linagharimu senti 20 kila safari. Jumla ni senti 98. Risasi ya kiwandani ya ubora huo huo inakaribia dola 1.90. Tofauti ni senti 92.

Vifaa vya kuanzia, yaani mashine ya mkono, mizani na vikorokoro vyake, vinapatikana kati ya dola 200 na 500 kutegemea kampuni. Akitumia dola 400 kwa mashine na 70 kwa kalibu, mjazaji anarudisha mtaji wake baada ya risasi zipatazo 510. Kwa mtu wa shabaha hiyo ni kazi ya miezi michache. Kwa mwindaji anayepiga risasi 20 kwa mwaka, mtaji utarudi akiwa babu.

Sasa geuza hesabu. Risasi ya kawaida ya .308, ya mfano wa kijeshi, inauzwa kwa senti 80 hivi. Hapo mjazaji anayetumia vipande vyake vya senti 98 anapata hasara kwa kila risasi, achilia mbali saa zake za kazi ambazo hakuna anayezihesabu. Ndiyo maana wajazaji wakongwe husema hawaokoi fedha, wanapiga risasi nyingi zaidi kwa fedha zile zile. Faida yao nyingine ni usahihi. Risasi iliyopimwa kwa ajili ya mtutu mmoja maalum hulenga vizuri kuliko iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki zote duniani.

Lakini hesabu inayomhusu mfanyabiashara ni nyingine. Mwaka 2019 fataki ile ile ilikuwa kama senti 3.5, baruti dola 28 kwa pauni, kichwa senti 30, na ganda senti 75. Gharama ya risasi moja ya kujaza ilikuwa senti 66. Imepanda kwa karibu nusu. Ndani ya ongezeko hilo fataki imepanda kuliko vyote, zaidi ya mara mbili, ingawa katika jumla ya gharama haifiki hata asilimia 10.

Kipande kidogo kinachofunga duka

Wanauchumi huita vitu vya namna hii bidhaa kamilishi. Mwenye gari asiye na tairi hana usafiri hata kama tenki limejaa. Mjazaji mwenye maganda elfu moja, kilo nyingi za baruti na vichwa kabatini, akikosa fataki hana hata risasi moja. Na fataki ndicho kipande ambacho hawezi kukitengeneza nyumbani. Vichwa anaweza kuviyeyusha kwa madini ya risasi, maganda anaweza kuyaokota kiwanja cha shabaha. Fataki ni kilipuzi halisi kinachotengenezwa kiwandani, na wafanyakazi wa viwanda hivyo hukishughulikia kikiwa kimelowa ili kisilipuke.

Mwaka 2020 ulionyesha maana yake. Janga la UVIKO-19, ghasia za mitaani na uchaguzi viliwapeleka Wamarekani madukani. Shirika la FBI lilifanya ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki mara milioni 39.7 mwaka huo, kutoka milioni 28.4 mwaka 2019. Kila bunduki mpya ilitaka risasi. Viwanda vinavyotengeneza fataki ndivyo hivyo hivyo vinavyotengeneza risasi kamili, na mwenye kiwanda akiwa na fataki chache hawezi kumuuzia mjazaji kwa senti chache wakati akiiweka kwenye risasi yake mwenyewe anauza kitu kizima kwa bei kubwa zaidi. Mjazaji akawa wa mwisho kwenye foleni. Boksi la fataki 1,000 lililokuwa likiuzwa kama dola 35 likavuka dola 100 kwa wauzaji wa mkononi, na wengine wakatoza zaidi ya hapo.

Hali kama hiyo, kwa kiwango kidogo, ilitokea baada ya uchaguzi wa 2008 na tena mwanzoni mwa 2013, Wamarekani walipohofia sheria mpya za bunduki. Aliyeanza kujaza ili ajitegemee aligundua kila mara kwamba amebadilisha tu mtu wa kumtegemea.

Umiliki nao umebana. Watengenezaji wakubwa wa fataki nchini Marekani ni wanne: CCI ya Lewiston, Idaho, Federal ya Anoka, Minnesota, Remington ya Lonoke, Arkansas, na Winchester inayomilikiwa na kampuni ya Olin. Remington ilipofilisika mwaka 2020, biashara yake ya risasi ilinunuliwa kwa dola milioni 81.4 na Vista Outdoor, ambayo tayari ilikuwa na CCI na Federal. Kisha Novemba 2024 Vista ikakamilisha kuuza biashara yake yote ya risasi kwa Czechoslovak Group ya Jamhuri ya Czech, kwa dola bilioni 2.225. Kundi hilo lilikuwa limeshachukua hisa nyingi za Fiocchi ya Italia mwaka 2022. Watatu kati ya wanne sasa wana mwenye mali mmoja, na makao yake yako Prague.

Siyo lazima hilo liwe baya. Kundi lenye mtaji linaweza kupanua viwanda. Lakini kundi hilo hilo linauza pia makombora na mizinga kwa majeshi ya Ulaya, na yeyote aliyewahi kusubiri mzigo wake bandarini huku mizigo ya serikali ikipitishwa mbele anajua nani hutangulia.

Pamba ya mbegu na vita vya Ukraine

Upande wa baruti nako kuna kisa. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi msingi wake ni nitroselulosi, na nitroselulosi nzuri hutengenezwa kwa zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Wenye viwanda vya kuchambua pamba wa Kanda ya Ziwa wanazijua nyuzi hizo, ingawa kwao ni mabaki tu. Muuzaji mkubwa wa nyuzi hizo duniani ni China, na viwanda vya silaha vya Ulaya vimekuwa vikiitegemea kwa sehemu kubwa ya mahitaji yao.

Vita vya Ukraine vilivyoanza kwa ukubwa wake Februari 2022 viliongeza mahitaji ya makombora ya mizinga, na kila kombora linakula kilo za nitroselulosi wakati risasi ya kuwindia inakula gramu chache. Kuelekea mwisho wa 2023 Vista iliwatangazia wateja wake kupanda kwa bei kuanzia Januari 2024, ikitaja uhaba wa baruti duniani. Katika mwaka huo wa 2024, Alliant, jina la zamani katika baruti za wajazaji, ilisimamisha kwa muda kupeleka makopo madukani kwa sababu ya uhaba wa nitroselulosi.

Wengi hudhani baruti ya Mmarekani ni ya Marekani. Kopo la Hodgdon linaloitwa Varget hutoka kiwanda cha Mulwala, Australia. Baruti za IMR zimekuwa zikitengenezwa Valleyfield, Quebec. Vihtavuori ni ya Finland. Mjazaji wa Texas anayejiona amejitenga na dunia anangoja meli kutoka bara jingine kama duka lolote la Kariakoo.

Antimoni ilikuja juu ya hayo. Madini haya huongezwa kwenye risasi (lugha yetu inaita madini na kitu kinachopigwa kwa neno moja) ili kuifanya iwe ngumu, na huingia pia kwenye mchanganyiko wa fataki. China iliweka vibali vya kuuza antimoni nje Septemba 2024, ikapiga marufuku kuiuza Marekani Desemba mwaka huo, na ikasitisha marufuku hiyo kwa muda Novemba 2025. Shaba nayo haikutulia. Mei 2024 bei yake katika soko la London ilivuka dola 11,000 kwa tani, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za shaba zilizokwisha kusindikwa nusu, zikiwemo bati na fimbo za aina inayotumika viwandani.

Kwa hiyo senti 98 za leo ni jumla ya vita, ushuru, kampuni kununuana na hofu ya wapiga kura, vyote ndani ya kitu chenye urefu wa kidole.

Mzigo hatari

Wenye malori watapendezwa zaidi na sehemu hii. Nchini Marekani mtu hahitaji leseni kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza kama biashara, lazima awe na leseni ya shirikisho ya mtengenezaji wa risasi, ambayo ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu. Ada ni ndogo, lakini bima na wajibu wa kisheria ni vizito.

Kinachomuumiza mjazaji ni usafirishaji. Maganda na vichwa husafiri kama vyuma vingine. Baruti na fataki ni mzigo hatari. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa baruti isiyotoa moshi husafiri kwa namba kama UN0161, daraja la 1.3C, na fataki kwa UN0044, daraja la 1.4S. Sheria za Marekani zinaruhusu baruti ndogo ndogo, isiyozidi pauni 100 (kilo 45.4) kwa gari moja, ihesabiwe kama kitu kigumu kinachoshika moto badala ya kilipuzi, mradi iwe ya aina iliyopimwa na kufungashwa inavyotakiwa. Hata hivyo kampuni za vifurushi hutoza ada ya mzigo hatari ya dola 20 hadi 35 kwa kila boksi.

Weka ada hiyo kwenye hesabu. Anayeagiza kopo moja la dola 48 na kulipa ada ya dola 25 ameongeza zaidi ya nusu ya bei. Anayeagiza makopo manane kwa boksi moja ada yake inakuwa dola 3 na kidogo kwa kopo. Kwa hiyo wanachama wa klabu za shabaha huagiza pamoja, kama wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam wanavyochangia kontena moja kutoka Guangzhou. Kikomo chao ni kanuni za usalama wa moto zinazofuatwa sehemu nyingi Marekani. Nyumbani mtu huruhusiwa kuweka hadi pauni 20 za baruti (kilo 9) katika makopo yake ya asili. Kuanzia hapo hadi pauni 50 lazima ziwe ndani ya sanduku la mbao lenye unene wa inchi moja. Fataki zisizidi 10,000.

Sanduku la mbao, wala si la chuma, lina maana yake. Baruti hii ikiwaka mahali pa wazi huungua kwa nguvu, lakini ikifungiwa kwenye chuma kisichopumua, gesi hujaa na sanduku hugeuka bomu. Fataki nazo hukaa kwenye trei ya kiwandani, kila moja mbali na mwenzake. Zikimwagwa kwenye chupa moja, moja ikilipuka zote hufuata. Dereva akijikuta amebeba chupa ya vikombe vidogo vya shaba vinavyocheza cheza, huo si mzigo mdogo.

Barabara ya kusini

Afrika Kusini ni nchi ambako mambo haya yanauzwa waziwazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi za bunduki hiyo kwa matumizi yake. Kwa mtu wa kawaida inaweka kikomo cha risasi 200 kwa kila bunduki na fataki 2,400. Mwaka 2021 serikali ilitoa rasimu ya marekebisho iliyopendekeza kupiga marufuku ujazaji binafsi, na vyama vya wawindaji vikaipinga kwa nguvu. Baruti ya huko imekuwa ikitoka kwa Rheinmetall Denel Munition, kampuni ambayo Septemba 2018 mlipuko katika kiwanda chake karibu na Somerset West uliua wafanyakazi 8. Hao walikuwa watu waliosomea kazi hiyo, katika jengo lililojengwa kwa kazi hiyo.

Sasa chukua lori linalorudi kaskazini kutoka Johannesburg kupitia Beitbridge, Chirundu na Nakonde. Mtu anamwomba dereva ambebee boksi dogo la "vipuri", zawadi kwa bwana mmoja mwenye shamba. Dereva hapimi kilo, haoni hatari. Ndani mna makopo mawili na trei kadhaa. Boksi hilo linavuka mipaka mitatu, na katika kila mmoja halikutajwa kwenye hati za mzigo. Likikamatwa, anayeulizwa ni aliyelishika. Mwenye lori naye ataingia, kwa sababu gari lilitumika kubeba kilipuzi bila kibali, na hakuna bima ya mzigo inayolipa kwa jambo hilo. Mzigo halali wa mteja mwingine uliomo humo humo utalala kituoni pamoja na gari.

Nchini Tanzania mambo haya yanaguswa na sheria mbili kwa pamoja: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Sheria ya Baruti, Sura ya 45, ile inayowabana wapeleka baruti za migodini Geita na Kahama. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na ya Vilipuzi, Sura ya 115. Juu yake ipo Itifaki ya Nairobi iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzuia utengenezaji na usafirishaji haramu wa silaha ndogo, risasi zake na sehemu zake. Katika ukanda huu risasi hutengenezwa na mashirika ya serikali: Mzinga mjini Morogoro, kiwanda cha Eldoret nchini Kenya, na Luwero Industries ya Nakasongola, Uganda.

Nchi zetu zina sababu ya ukali huo. Katika maeneo ya wafugaji na ya waasi, bunduki za zamani zipo tayari. Kinachozinyamazisha ni ukosefu wa risasi. Mwenye mashine ya mkono, baruti na fataki angekuwa ameondoa kizuizi hicho. Mtu anaweza kubishana kama mwenye leseni wa Arusha anayelenga shabaha anaadhibiwa kwa kosa la mwizi wa ng'ombe, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini hiyo ni hoja ya kupelekwa bungeni. Kupitishwa mpakani chini ya kiti cha dereva hakuisaidii.

Kuagiza moja kwa moja kutoka Marekani nako si njia. Tangu Machi 2020 usimamizi wa mauzo ya nje ya risasi nyingi za kiraia na sehemu zake upo chini ya Wizara ya Biashara ya nchi hiyo, na baruti au fataki kwenda Afrika Mashariki zinahitaji leseni yao kabla hata ya kibali cha huku. Duka la mtandaoni litamkatalia mteja wa Nairobi, au litachukua fedha na kuzirudisha baada ya wiki kadhaa.

Biashara iliyo halali

Zipo sehemu mbili ambazo mfanyabiashara wa huku anakutana na mambo haya kihalali.

Ya kwanza ni chuma chakavu. Maganda yaliyopigwa, ya viwanja vya shabaha au ya kambi, ni shaba njano safi, na mnunuzi wa chakavu huyapenda. Tatizo ni yale ambayo hayajapigwa, au yaliyopigwa fataki ikagoma. Moja tu ndani ya tanuri linaweza kumjeruhi mchomaji, na ndiyo maana viwanda makini hudai maganda yawe yamepondwa au kukaguliwa moja moja. Mnunuzi wa chakavu anayeletewa gunia na mtu asiyeweza kueleza lilikotoka ana tatizo la polisi kabla ya tatizo la tanuri.

Ya pili ni utalii wa uwindaji. Wageni wanaokuja kuwinda Tanzania huja na bunduki zao, na wengi wao ni wajazaji. Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kubeba risasi za matumizi yake zisizozidi kilo 5 pamoja na kifungashio, kwenye mzigo wa kupakiwa chini, kwa idhini ya shirika la ndege. Kwa risasi nene kama .375 H&H hiyo ni kama risasi 100. Mume na mke hawaruhusiwi kujumlisha zao kwenye boksi moja. Baruti ya kopo na fataki zisizo kwenye risasi haziruhusiwi kabisa, iwe mkononi au chini. Mashirika mengine yanadai risasi ziwe kwenye boksi la kiwandani, jambo ambalo mjazaji mwenye kiboksi chake cha plastiki hulikumbuka akiwa ameshafika kaunta. Kampuni ya uwindaji inayomtumia mteja masharti haya mapema, kwa maandishi, inajiepushia mgeni aliyefika Kilimanjaro na bunduki bila risasi.

Idadi ya risasi huandikwa kwenye kibali cha muda wakati wa kuingia. Zinazobaki baada ya safari hazigawiwi. Mgeni anayemwachia dereva au mwongozaji wake risasi kumi kama asante amemwachia kesi, kwani mpokeaji hana leseni ya bunduki hiyo. Zilizobaki hurudi naye, au hukabidhiwa kwa wahusika na kuandikwa.